Muulize Karani: Nguru 14, kilo 83½

*Ami, shikamoo.*

*Mimi ni msichana wa Langoni, Lamu. Baba ameniachia biashara ya samaki baada ya mgongo kumshinda: masanduku manne ya barafu, friza mbili, mizani ya saa ya kuning'iniza na rundo la madaftari. Nanunua nguru, changu, tafi na pweza kwa wavuvi wa hapa, na kamba mawe wakiletwa kutoka Kizingitini. Nauzia hoteli za Shela na mama karanga, wale wanaokaanga samaki na kuuza, na wanaobaki wanavuka Mokowe kwenda Malindi na Mombasa.*

*Mwaka huu nimenunua programu ya stoku ya kwenye simu. Kila bidhaa ninayoingiza, inaniuliza kipimo chake: kipande au kilo? Kimoja tu. Nguru nikawaandika vipande, kwa sababu mvuvi na mpishi wote huniuliza "nguru wangapi?" Shehena ya kwanza ilikuwa nguru 14 kwa shilingi 41,750. Hoteli wakachukua tisa, kilo 61.3 kwa mizani yao. Programu ikanionyesha faida nzuri, na kwamba watano waliobaki wana thamani ya shilingi 14,911. Nilipowatoa hawakufika hapo hata kwa kubembeleza. Nikageuza kila kitu kuwa kilo. Sasa naambiwa nina kilo hasi 3.2 za changu, na idadi ya nguru siijui mpaka niingize mkono kwenye friza. Aliyeniuzia anasema nichague kipimo kimoja nitulie nacho. Baba haoni shida iko wapi. Siku ile ya nguru alikaa pembeni, akaandika kwenye daftari lake "14 / 83½", akaenda zake kuswali. Nichague lipi?*

*Bintiye Nahodha, Langoni*

Marahaba, mwanangu. Mfikishie baba salamu zangu, na umwambie karani mzee wa Malindi amesema daftari lake ni kali kuliko simu yako.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta ulipokosea, nikaona swali lenyewe uliloulizwa ndilo bovu. Baba yako hajawahi kuchagua. Ameandika namba mbili kwenye mstari mmoja, samaki upande huu na kilo upande ule, na kila moja ina kazi yake.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyokuuma. Programu ilizichukua shilingi 41,750 ikazigawa kwa 14, kila nguru akabebeshwa gharama ya shilingi 2,982, mkubwa kwa mdogo sawasawa. Ulipouza tisa ikaondoa shilingi 26,839. Sasa ichukue ile 83½ ya baba. Shilingi 41,750 kwa kilo 83.5 ni shilingi 500 kwa kilo. Wale tisa walikuwa kilo 61.3, kwa hiyo gharama yao halisi ni shilingi 30,650. Tofauti ni shilingi 3,811, na hiyo ndiyo iliyokuja kwako kwa jina la faida. Watano waliobaki walikuwa kilo 22.2 tu, mali ya shilingi 11,100. Ulikuwa ukiwabembelezea wanunuzi bei ya nyama isiyokuwepo.

Tena hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Hoteli huchagua wakubwa kwanza. Kila shehena wakubwa watatoka mapema na wadogo watabaki chini ya barafu, kwa hiyo ukihesabu vipande programu itakufurahisha Jumatatu na kukuliza Alhamisi, wiki baada ya wiki. Mtu asiyejua sababu atadhani samaki wa mwisho wa wiki wana nuksi.

Basi kilo ndizo pesa. Nunua kwa kilo, uza kwa kilo, na gharama ifuate kilo. Hapo sina mjadala na mtu.

Lakini usiitupe ile 14, na hapa nina kisa. Nilikuwa karani wa chumba cha baridi hapa Malindi, nisichokitaja. Tajiri alitaka kilo peke yake, nami nikaandika kilo peke yake. Kila mwisho wa mwezi zilipungua, mara kumi na kitu, mara ishirini na kitu, na kila mara jibu lilikuwa baridi inakausha. Ni kweli baridi hukausha, na samaki aliyelala wazi hupoteza maji. Ila lawama ilikuwa inaniangukia mimi mwenye kalamu. Ijumaa moja nikahesabu samaki wote, wakatimia, hata mmoja hakukosekana. Nikaanza kuamini kweli ni ukavu.

Lililonizindua ni kadi. Nilichukua nguru sita, nikampima kila mmoja, nikaandika uzito kwenye kipande cha boksi na kukifunga mkiani kwa uzi wa nyavu. Siku ya nne kadi zote sita zilikuwepo. Kadi ya kilo 9.1 ilikuwa mkiani mwa nguru ambaye mizani ilimpa tano na kidogo. Na fundo halikuwa langu. Mimi nafunga fundo la mvuvi, na lile lilikuwa la kamba ya kiatu. Mkubwa alikuwa akitoka usiku na mdogo akiingia mahali pake, idadi ikabaki kamili, na kilo zikasingiziwa baridi. Aliyefanya simtaji, keshatubu, na wanawe ni majirani zangu.

Ukihesabu vipande peke yake, mwizi wa kubadilisha hupita. Ukihesabu kilo peke yake, hujificha ndani ya ukavu. Ukiwa na namba zote mbili, tena juu ya samaki yule yule, hana pa kujificha. Na si mwizi tu: idadi ikipungua kwako Lamu, anza kwa kuwauliza paka.

Utasema hiyo ni kazi ya kupima kila samaki. Ndiyo, lakini si kila samaki. Wewe ni mtu wa Lamu, umeona boriti zikiuzwa kwa korija, ishirini ishirini. Hakuna anayepima kila mti kwa mizani, ila hakuna pia anayechanganya pau na boriti kwenye korija moja; zimetengwa kwa unene kabla ya kuhesabiwa, na bei ya kila jamii iko mbali na ya mwenzake. Dafu nalo huhesabiwa. Halwa hupimwa. Zamani bidhaa kubwa zilikwenda kwa frasila, karibu kilo 16, na nafaka kwa pishi na kibaba. Wazee walikuwa na vipimo vingi sokoni bila kuvurugika, kwa sababu kila kitu kilijua kipimo chake.

Kanuni yangu ni hii: kitu kipewe lebo yake binafsi pale ambapo kupotea kwa kimoja kutakuuma kuliko dakika ya kuandika lebo. Nguru wa kilo sita kwa bei yako ni shilingi 3,000. Andika. Kolekole mkubwa na jodari, andika. Changu wa nusu kilo na tafi wa kiganja, usithubutu; kumhesabu tafi ni kujitafutia wazimu. Hao waingie kwa kilo, kwa siku waliyonunuliwa, basi.

Pweza ana hila zake. Bamvua likija wanakuja wengi kwa siku mbili tatu, na pweza aliyelowekwa maji yasiyo na chumvi hunywa akavimba. Mtundike achuruzike kwanza, ndipo upime. Atakayekununia kwa hilo alikuwa anakuuzia maji. Kamba nao unawapokea hai, na akifa ni bidhaa nyingine yenye bei nyingine. Fungua bidhaa mbili kwenye programu, kamba hai na kamba waliokufa, na kila anayekufa mhamishe na uzito wake siku ile ile. Usimwache kwenye kundi la hai akakuongopea.

Sasa zile kilo hasi 3.2 za changu. Hasi maana yake umeandika kuuza zaidi ya ulichoandika kununua. Mimi naweka dau kwa mama karanga. Wao hununua kwa fungu, si ndiyo? Unawagawia fungu kwa jicho, unaandika kilo mbili, na fungu lenyewe ni kilo na robo tatu. Ukifanya hivyo mara kumi na tatu, zile 3.2 umeshazipata na chenji juu. Liweke fungu juu ya mizani kabla halijaingia kapuni, hata kama bei mtaendelea kuipatana kwa fungu. Kama siyo hilo, angalia kapu. Kapu kavu la asubuhi na kapu lililolowa la saa tano si uzito mmoja. Lipime tupu kila asubuhi na uandike kwa chaki ubavuni. Na ile mizani ya saa inasoma kwa nusu kilo, ilhali ya hoteli inasoma gramu; wewe unanunua kwa macho na kuuza kwa nukta. Nunua ya dijitali, kisha uipeleke kwa mkaguzi wa vipimo ipigwe muhuri. Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe, na muhuri una mwaka wake.

Jambo jingine hukuliuliza ila litakufikia: matumbo. Nguru wa kilo 6.4 niliyempasua hapa kwangu, alipotoka matumbo na mashavu alibaki kilo 5.7. Nilimnunua kwa 500 kila kilo, sawa na shilingi 3,200. Gawa kwa 5.7 uone: kilo ya nguru safi inanisimamia shilingi 561, na nikiiuza 550 nimejitia hasara huku natabasamu. Ukiwa unawatoa matumbo, uzito wa jetini ubaki wa kumlipa mvuvi, na uzito wa stoku uanze baada ya kisu. Yote mawili yaandikwe.

Kwenye hiyo simu yako ufanyeje? Acha kipimo kiwe kilo. Kisha tafuta kama programu ina sehemu ya bechi au namba ya shehena. Nyingi zinayo hata za bei rahisi, ila watu huiruka wakidhani ni ya dawa na maziwa. Kila nguru mwenye lebo mfanye bechi yake: N7, kilo 6.42. Akitoka, inatoka N7 na kilo zake zote, na gharama yake inakwenda naye. Ukitaka kujua nguru wangapi wamo ndani, hesabu bechi ambazo bado zina kilo. Hiyo ndiyo 14 ya baba. Kama sehemu hiyo haipo, tundika daftari dogo kwenye mlango wa friza na uandike kama baba. Simu ikae na pesa, daftari likae na samaki. Wazo la kupanga nguru wadogo, wa kati na wakubwa, kila daraja na wastani wake, litumie kumwambia mpishi una nini, kama pau na boriti. Kukokotoa faida kwa wastani ndiko kulikokuleta kwangu.

Biashara ikikua utatamani mizani inayochapa lebo yenye bakodi. Ile bakodi si uchawi. Duka linapojichapia lenyewe, tarakimu 13 huanza na 2. Mpangilio unaotumika sana una mbili za mwanzo, tano za bidhaa, tano za uzito au bei, na moja ya kuhakikisha. Nguru ukimpa namba 00007 naye akawa na kilo 6.420, lebo itasomeka 2100007064208. Itazame katikati, utaiona 06420 imekaa pale. Ila mizani na programu lazima zikubaliane kwamba zile tano ni gramu. Nimeona duka ambapo mizani iliandika bei na programu ikasoma uzito, mteja akatozwa kilo za ajabu kwa pweza mmoja.

Na utakapokwenda kununua programu nyingine, muulize muuzaji kuhusu "kachi weiti" (catch weight). Ndivyo mafundi wanavyokiita kitu kinachohesabiwa kwa kipande na kulipwa kwa uzito unaobadilika. Zile kubwa za makampuni, kama SAP na Microsoft Dynamics 365, zinayo. Kwenye Dynamics unaweka hata uzito wa chini na wa juu wa kipande kimoja, kwa hiyo kidole kikiteleza ukaandika nguru mmoja wa kilo 64, inagoma. Sikwambii ununue hizo. Zitakula friza zote mbili. Nakwambia umwombe muuzaji auze mbele yako nguru mmoja wa kilo 6.42 kwenye mstari mmoja wa risiti, kisha amrudishe. Akirudi na kilo 6.42 zile zile na gharama ile ile, toa pesa. Akirudi na kilo tano za wastani, mshukuru uondoke.

La mwisho kwako. Kilo zikipungua kwa ukavu au barafu, usirudi nyuma kurekebisha namba ya kununua. Andika upungufu kama upungufu, tarehe yake na sababu yake. Na kiwango chako cha kawaida usikikopi kwa mtu: pima sanduku moja asubuhi na jioni kwa siku saba za kusi na saba za kaskazi, upate chako mwenyewe.

*Karani, hoteli moja imeniagiza kamba 20 "wa nusu kilo" na wanataka ankara kabla sijawaleta. Kamba hawazaliwi nusu kilo. Nifanye nini?*
*Mchuuzi, Faza*

Pokea oda kwa idadi, taja bei kwa kilo, na kwenye oda yenyewe andika mipaka: kila kamba kati ya gramu 400 na 600, jumla isizidi kilo 12. Mpishi anajua sahani ngapi atatoa, mhasibu anajua pesa haitavuka wapi. Siku ya kupeleka, nenda na hati ya kupokelea mzigo yenye idadi na kilo, wapime mbele yako, wasaini. Ankara ifuate kilo hizo.

Najua kwa nini wanakuharakisha. Tangu 1 Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki, yanakataliwa na mamlaka ya kodi, KRA, inapokokotoa kodi ya hoteli, kwa hiyo mhasibu hataki kulala bila hiyo karatasi. Mpe, lakini baada ya mizani. Ankara ya eTIMS iliyotoka kwa kukisia haifutwi kwa kalamu. Utalazimika kutoa hati nyingine ya kuipunguza, na kamba wenyewe watakuwa wameshaliwa.

*Mzee, mimi nanunua maembe ya ngowe mashambani huku Malindi kwa idadi, kiwanda kinanunua kwa kilo. Nami niandike namba mbili kama watu wa samaki?*
*Mkulima-nusu, Malindi*

Wewe hapana. Ngowe moja ikipotea hulali njaa, na kiwanda hakiulizi ni maembe mangapi. Idadi yako inaishia langoni. Mzigo ukifika, upime wote, toa yaliyooza, na hapo hapo igeuze gharama iwe ya kilo: maembe 400 kwa shilingi 8 ni shilingi 3,200, yakitoka kilo 132 na mabovu ni kilo 9, umebaki na kilo 123, na kila moja inakusimamia shilingi 26. Kuanzia hapo usitaje tena idadi. Ukiwa na meza ya barabarani unakouza moja moja, fungua bidhaa ya pili na uhamishie huko kwa kupima kapu, ukihesabu yaliyomo. Na yale wanayokula vijana wako juu ya pikipiki, yako ndani ya hesabu tayari, ndiyo maana nimekwambia upime langoni wala si shambani.